Sinema ya Mtu Mmoja



Katika miaka hii ya karibuni, kila ninapomaliza darsa hunijia mzazi, aghlabu huwa mama, akaniuliza suala moja: "Sheikh, mwanangu ana kompyuta ndogo ya kukunja, ile wanayoiita laptopu. Tumemnunulia kwa ajili ya masomo, naye anatazama sinema. Jee, yafaa?" Na kila anayeuliza hutaka jawabu la neno moja, ama yafaa ama haifai, apate kurudi nalo nyumbani kama aliyekwenda dukani kununua mkate.

Wanavyuoni wetu wametufundisha kuwa kulihukumu jambo ni tawi la kulifahamu jambo lenyewe. Asiyekijua kitu hana haki ya kukihukumu. Nami nakiri mbele yako kuwa kwa muda mrefu nilikuwa nikilijibu suala hili bila ya kuijua laptopu, wala sinema inayotazamwa ndani yake. Nilikuwa nikisema, "Mnyang'anyeni," kisha nikenda zangu. Nimefanya hivyo mpaka siku jambo hili lilipoingia nyumbani kwangu mwenyewe.

Mjukuu wangu ana umri wa miaka kumi na sita. Ni kijana mtulivu, anasoma skuli, na jioni huja madrasa. Usiku mmoja niliamka kiasi cha saa tisa kwenda kutia udhu, nikaona mwangaza wa kibuluu ndani ya chandarua chake. Nikasogea. Alikuwa amelala ubavu, kompyuta iko juu ya mto, na masikioni ametia vile viwaya vya kusikilizia, kwa hivyo hakunisikia nilipoingia. Nilitazamia kuona uchafu. Nikaona jangwa, na ngamia, na mtu mwenye ndevu juu ya farasi. Nikaitambua filamu ile mara moja. Ilikuwa ni Ar-Risala, inayosimulia kuja kwa Uislamu Makka na Madina. Kijana alipogeuka na kuniona aliifunga kompyuta kwa kishindo, kama mtu aliyeshikwa na mali ya wizi.

Ndugu msomaji, jambo hilo ndilo lililonikaa moyoni. Lau angekuwa anatazama uchafu, ningejua la kufanya. Lakini inakuwaje kijana wa Kiislamu, katika nyumba ya sheikh, akaificha sira ya Mtume wake (S.A.W.) kama inavyofichwa sigara? Nilisali, nikakaa kitako, nikajiambia kuwa safari hii sitahukumu kabla ya kufahamu. Haya ninayokuandikia ndiyo niliyoyafahamu.

CHOMBO CHENYEWE

Kompyuta ile tuliinunua ikiwa imekwisha tumika Ulaya, kwa thamani ya mbuzi wawili. Muuzaji alituambia kuwa inafanya kila kitu. Kwa upande wa masomo hakutudanganya: inaandika, inafungua vitabu, na mwanafunzi anaweza kufanyia kazi zake zote za skuli. Kioo chake ni inchi 11.6, kupima kutoka pembe hadi pembe. Memori yake ni gigabaiti 4, na nafasi yake ya kuhifadhia ni gigabaiti 32 tu, ambayo zaidi ya nusu imekwisha liwa na programu za kuiendeshea kompyuta yenyewe. Hata hivyo, filamu ya saa tatu kwa ubora wa wastani huchukua gigabaiti moja au mbili, kwa hivyo filamu kadhaa zaweza kuingia, na kompyuta ikazionesha bila ya kukwama. Anayesema kuwa laptopu ya bei ya chini haiwezi kuonesha sinema hajaijaribu. Inaweza. Linalotupasa kuliangalia ni namna inavyoonesha, na nani anayeoneshwa.

Nimeitazama kwa makini nikaona mambo matatu.

Kwanza, haina feni ndani yake. Kompyuta nyingi za aina hii hazina. Haivumi, haichemki sana, na betri yake hukaa saa nyingi. Kwa mwanafunzi hilo ni jambo zuri. Lakini maana yake pia ni kuwa inaweza kufanya kazi usiku kucha ndani ya chandarua na asijue mtu. Televisheni ya ukumbini hujitangaza yenyewe kwa sauti na mwangaza, na hii haijitangazi.

Pili, spika zake ni ndogo na zimewekwa chini ya tumbo lake, zinaielekea meza. Ukiiweka juu ya mto, sauti humezwa na pamba. Kijana hulazimika kutia viwaya masikioni, na akisha kuvitia amekwisha ondoka katika nyumba, ijapokuwa mwili wake umo chumbani.

Tatu, nalo ndilo kubwa zaidi, ni kioo. Vioo vya kompyuta za bei ya chini aghlabu ni vya aina ambayo picha huonekana sawasawa kwa yule tu aliyekaa mbele, macho yake yakiwa usawa wa kioo. Ukikitazama kutoka chini, nyuso hugeuka nyeusi kama picha isiyosafishwa. Ukikitazama kutoka juu, weusi hugeuka kijivu. Aliyekaa ubavuni huona rangi zimepauka. Nilijaribu kukaa na mjukuu wangu, mmoja kulia na mmoja kushoto, na hapana kati yetu aliyeona vizuri. Ilibidi mmoja ampishe mwenziwe. Kitu hiki, kwa namna kilivyotengenezwa, kina nafasi ya jozi moja ya macho.

FILAMU YENYEWE

Sasa tuitazame filamu, kwani haielekei kukilaumu chombo na kukiacha kilichomo.

Ar-Risala ilitolewa mwaka 1976. Aliyeiongoza ni Moustapha Akkad, Muislamu mzaliwa wa Halab, Syria, aliyekwenda Marekani kusomea kazi ya filamu. Aliifanya mara mbili: kila tendo liliigizwa kwa Kiingereza, kisha likaigizwa tena kwa Kiarabu na waigizaji wengine. Katika ile ya Kiingereza, Sayyidna Hamza (R.A.) ameigizwa na Anthony Quinn, na katika ile ya Kiarabu na Abdullah Gaith wa Misri. Kazi ilianza Morocco, ikazuiwa huko, ikamalizwa Libya. Ya Kiingereza huchukua takriban saa tatu, na ya Kiarabu huzidi hapo.

Kabla watu hawajaiona, filamu hii ilikwisha hukumiwa. Ulienea uvumi kuwa Quinn anamuigiza Mtume (S.A.W.) mwenyewe. Mwezi wa Machi 1977, mjini Washington, watu wenye silaha waliyateka majumba matatu, wakawashika mateka zaidi ya watu mia moja, na moja katika madai yao ni kuwa filamu hiyo isioneshwe. Mtu aliuawa katika mkasa huo. Na uvumi wenyewe haukuwa kweli: katika filamu nzima Mtume (S.A.W.) haonekani, wala sauti yake haisikiki. Haya ndiyo matunda ya kuhukumu kabla ya kufahamu, nami nilipoyakumbuka niliona haya kwa lile neno langu la "Mnyang'anyeni".

Jee, Akkad alifanyaje kusimulia sira bila ya kumuonesha mwenye sira? Kamera yenyewe aliiweka pahala pa Mtume (S.A.W.). Waigizaji huielekea, huinamisha macho, humsikiliza asiyesikika, kisha hurudia wao yale waliyoambiwa. Anayetazama hukuta watu wanamuelekea yeye, na mbele yao kuna pahala patupu ambapo kila mtu anajua ni pa nani. Kwa rai yangu hilo ndilo jambo la adabu na la ustadi kupita yote katika kazi hii. Yapo mengine mazuri: mateso ya Sumayya na Yasir, Jaafar akisoma katika Suratu Maryam mbele ya Najashi, na Bilal akipanda juu ya Al-Kaaba kuadhini siku ya kufunguliwa Makka.

Aibu zake nazo zipo. Sayyidna Hamza amejaa kioo kizima, mpaka asiyejua hudhani Uislamu wa mwanzo ulisimama juu ya upanga wake peke yake. Kwa kufuata nasaha ya kutowaigiza watu wa nyumbani kwa Mtume (S.A.W.) na masahaba wake wakubwa, Bibi Khadija (R.A.), wa mwanzo kuamini, hana uso wala sauti. Sayyidna Abu Bakr haonekani, Sayyidna Umar haonekani, na wa Sayyidna Ali huonekana upanga tu. Kuacha kuwaonesha ni heshima. Lakini heshima hiyo imeacha pengo, na pengo hilo linahitaji mtu wa kulijaza.

FILAMU KATIKA CHOMBO HIKI

Akkad aliipiga filamu yake kwa picha pana sana, ya kuoneshwa katika majumba ya sinema, jangwa lienee kutoka ukuta hadi ukuta. Kioo cha inchi 11.6 kina upana wa sentimita 25 na nusu hivi. Kwa kuwa picha ya filamu hii ni pana kuliko kioo, juu na chini hubaki mikanda myeusi, na picha yenyewe hubakiwa na sentimita 11 tu za kwenda juu. Nilipima kwa rula ya mjukuu wangu. Jeshi la Badr limo ndani ya shibiri moja na kidogo. Mtu aliyesimama mbali jangwani hazidi ukucha. Mwaka 2018 filamu hii ilisafishwa upya kwa kiwango kinachoitwa 4K, ambacho kioo chake kizima kina nukta zaidi ya milioni nane. Kioo cha kompyuta yetu kina nukta milioni moja na ushei, na kwa ajili ya mikanda ile myeusi filamu hupata karibu laki nane tu. Ama adhana ya Bilal, ikitoka katika spika zile za chini ya tumbo, husikika nyembamba kama ya redio iliyokwisha betri.

Utasema, "Basi, sheikh, kasoro ni udogo." Nami nilidhani hivyo kwanza. Lakini niliposema hivyo nilikumbuka namna nilivyoiona filamu hii mimi mwenyewe.

Hapa Unguja majumba ya sinema yalikuwepo tangu zamani, na televisheni ya rangi ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1970, kabla ya nchi nyingi za Afrika. Mwalimu wangu wa chuoni hakupenda tuende katika majumba yale. Katikati ya miaka ya 1980, nikiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, jirani mmoja aliletewa kutoka Bara Arabu deki ya video na kanda ya Ar-Risala. Mtaa mzima ulikwenda, nami nikaenda kwa siri. Televisheni yake ilikuwa ya inchi ishirini, na kanda imenakiliwa mara ngapi sijui, maana picha ilikuwa ikitetemeka na nyuso zina rangi ya embe. Wallahi kompyuta ya mjukuu wangu inaonesha safi zaidi.

Lakini sikiliza ilivyokuwa. Wanaume tulikaa ukumbini, watoto mkekani, na wanawake nyuma ya pazia la ukumbi. Kila waigizaji walipoielekea kamera na kuinamisha macho, wazee walimsalia Mtume (S.A.W.), na kutoka nyuma ya pazia wakaitikia akina mama. Lile pahala patupu alipopaacha Akkad lilijazwa na sala ya watu waliokuwepo. Fundi cherehani mmoja mzee, aliyeisoma sira vizuri, alikuwa akituambia: huyu ni Ammar, huyu ni Zayd, hapa wameruka miaka mingi, hapa walikuwepo fulani na fulani lakini hawakuoneshwa. Wengine walimnyamazisha, yeye akaendelea. Ilipokwisha, watu walihamia barazani, wakabishana mpaka karibu ya saa sita usiku. Mmoja alisema kuwa filamu kama hii haifai kabisa, na akajibiwa kwa adabu. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeiona filamu moja na kusikia darsa mbili.

Mwanzo wa wiki mwalimu alituuliza darasani, "Nani alikwenda?" Mimi nilinyamaza, Mwenyezi Mungu anisamehe. Mwenzangu mmoja alinyanyua mkono. Tulingoja bakora. Mwalimu akamwambia, "Simama utueleze umeona nini." Alipomaliza kueleza, mwalimu alikaa siku tatu mfululizo akitusomesha khabari za wale ambao filamu haikuwaonesha, akaanza na Bibi Khadija. Hakubadilisha rai yake juu ya majumba ya sinema, wala hakutuficha rai hiyo. Lakini hakuuacha mlango wa kuuliza ufungwe.

Mimi, nilipokuwa sheikh, niliichukua rai yake na kuusahau ule mlango.

ALIYOKUWA AKIYATAFUTA KIJANA

Siku ya pili ya tukio lile, baada ya sala ya alasiri, nilimwita mjukuu wangu. Sikumuuliza kwa nini ametazama. Nilimuuliza kama nilivyomsikia mwalimu wangu akiuliza: "Umeona nini?" Alinyamaza muda mrefu, akichora sakafu kwa kidole. Kisha akasema:

"Babu, Sayyidna Abu Bakr mbona hayumo?"

Akanieleza kuwa filamu ile aliiona mara ya kwanza wiki tatu nyuma. Tangu siku hiyo jambo hilo lilimsumbua. Madrasa amefundishwa kuwa Sayyidna Abu Bakr alikuwa na Mtume (S.A.W.) ndani ya pango wakati wa kuhama. Katika filamu aliliona pango, akamuona buibui na utando wake, akawaona wanaowinda wakirudi nyuma, lakini Abu Bakr hakumuona. Akadhani nakala yake imekatwa. Ndiyo maana alikuwa akiitazama tena saa tisa usiku, akitafuta. Na alipokosa kumpata alianza kudhani jambo jengine, nalo ni kuwa huenda walimu wake, pamoja na mimi babu yake, tumeongeza hadithi kwa watu tunaowapenda.

Nikamuuliza, "Na wiki tatu zote hizo mbona hukuniuliza?"

Akasema, "Ningekuulizaje, Babu? Ungeniuliza nimeona wapi."

Ewe mzazi, lisome jawabu hili mara mbili. Kijana alikuwa na suala ambalo jawabu lake huchukua dakika tano. Mwenye jawabu analala chumba cha pili. Baina yao kulikuwa na ukuta wa nyumba, na mwingine nilioujenga mimi kwa neno moja la "Mnyang'anyeni", ambalo alilisikia nikiwaambia wazazi wengine. Na shaka hukua katika kiza kama ukungu katika nguo iliyokunjwa mbichi. Wiki tatu zilitosha kuanza kumtia shaka juu ya walimu wake. Jee, ingekuwa miaka mitatu?

Nilimueleza kwa nini Sayyidna Abu Bakr hayumo, kuwa alifichwa kwa heshima na hakufutwa. Uso wake ukafunguka. Kisha akaniambia jambo ambalo nakuandikia ijapokuwa linanielekea mimi: "Babu, na wewe si ulikwenda kwa jirani?" Ilikuwa ni mimi niliyemsimulia kisa kile zamani, nikicheka. Sikuwa na jawabu ila kweli. Nikamwambia, "Nilikwenda, na nikamficha mwalimu wangu, na mpaka leo najuta kuwa sikunyanyua mkono."

Khasara kubwa ya sinema ya laptopu, kwa nilivyoiona, ni upweke unaokuja nayo, kuliko udogo wa kioo. Filamu mbaya ikitazamwa peke yake humharibu kijana na hapana wa kumkataza. Filamu nzuri nayo ikitazamwa peke yake humuachia mapengo na hapana wa kumjazia. Na chombo chenyewe hakichagui. Huyu Akkad aliyeifanya Ar-Risala ndiye pia aliyeshiriki kuzitoa zile filamu za kutisha za Marekani ziitwazo Halloween, zilizoanza mwaka 1978. Kazi zote mbili zaweza kulala ubavu kwa ubavu ndani ya flashi moja mfukoni mwa mwanao, na laptopu ikazifungua zote kwa utii ule ule. Mtu huyo alifariki mwezi wa Novemba 2005, baada ya miripuko ya mabomu katika mahoteli ya Amman, yeye na binti yake. Aliyetumia miaka yake kuueleza Uislamu kwa wageni aliuliwa na waliodai kuupigania. Hata khabari hii mjukuu wangu hakuijua, kwani kioo hakikumwambia.

TULIVYOFANYA

Kwanza tuliizungumza nakala yenyewe. Kijana aliipata katika flashi ya rafiki yake, naye rafiki aliitoa kwa mwengine. Wengi wetu hudhani kuwa kunakili filamu si kitu, kwa sababu mwenyewe hakupungukiwa na chochote mkononi. Lakini wanavyuoni wa Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika mkutano wao wa Kuwait mwaka 1988, waliamua kuwa haki za utungaji na ubunifu ni mali inayolindwa na sharia, na haijuzu kuziingilia. Mafundisho ya sira hayapendezi kuingia nyumbani kwa mlango wa haki ya mtu. Nakala ile tuliifuta, na baba yake akatafuta ya halali na kuilipia.

Kisha usiku wa kuamkia Ijumaa, baada ya sala ya isha, tuliitoa kompyuta chumbani na kuileta ukumbini. Kijana aliiunga na televisheni kwa waya wa HDMI, ambao bei yake ni ndogo mno kuliko ya kompyuta. Kompyuta nyingi ndogo zina tundu la waya huo. Zisizo nalo huhitaji kiungo kidogo cha kuongezea, basi mwenye kununua na aulize kabla ya kulipa. Bibi yake alikaa na binti zake upande wao. Waigizaji walipoielekea kamera kwa mara ya kwanza, bibi alimsalia Mtume (S.A.W.) kwa sauti, bila ya kuambiwa na mtu, na watoto wakaitikia. Nilikuwa sijaisikia sauti ile juu ya filamu ile kwa zaidi ya miaka thalathini.

Tulipofika pangoni, mjukuu wangu aliisimamisha filamu, akanigeukia. Nikasimulia habari za pango kwa urefu, na filamu ikatungoja. Haya nayaandika kwa insafu: deki za zamani zilipata taabu kusimama, na majumba ya sinema hayakumsimamia mtu. Laptopu husimama kwa kubonyezwa kidole, ikabaki pale pale muda wowote utakao. Chombo kilichonitenga na kijana wangu kikawa ndicho kinachonipa nafasi ya kumsomesha. Tuliimaliza kwa siku mbili.

NASAHA KWA WENYE NYUMBA

Ndugu msomaji, wapo watakaosema kuwa nimelegea, na wapo watakaosema kuwa nimekaza bure. Nawaheshimu wote. Hakika wanavyuoni wamekhitalifiana juu ya filamu hii na juu ya sinema kwa jumla, na anayeona ni salama zaidi kuiepuka nyumbani kwake ana haki hiyo na ana hoja. Lakini kama umekwisha mnunulia mwanao kompyuta, jua kuwa sinema imekwisha ingia. Limebaki suala la nani anayekaa nayo. Basi:

Moja, laptopu ilale ukumbini, watu walale vyumbani. Huu usiwe ni mtego wa kumvizia mtoto. Uwe ni ada ya nyumba inayowahusu wakubwa pia, na simu zao.

Mbili, kazi za masomo na azifanye peke yake akitaka, lakini sinema itazamwe na watu wawili au zaidi, kwa televisheni kama ipo. Kama haipo, iwekwe juu ya meza, mbali kidogo na mbele ya wote, kioo kisimame wima usawa wa macho, na sauti itoke nje badala ya masikioni. Picha haitakuwa nzuri sana, na hilo si neno.

Tatu, filamu isimame kwa sala, na isimame kwa suala.

Nne, usimuulize mwanao kwanza, "Kwa nini umetazama?" Muulize, "Umeona nini?" Suala la kwanza humfundisha kuficha. La pili humfundisha kusema, na akisha sema utajua pahala pa kumkataza na pahala pa kumfundisha.

Tano, na hili najiambia mimi kabla ya wewe: mkubwa ajitahidi kukijua kitu kabla ya kukihukumu. Mtume (S.A.W.) ametufunza kuwa kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Mchungaji hukaa na mifugo yake huko malishoni. Na Mwenyezi Mungu ametukumbusha katika Suratul Israai kuwa masikio na macho na moyo, vyote hivyo vitaulizwa. Masikio na macho ya kijana ataulizwa kijana. Lakini nachelea kuwa juu ya lile suala lililokaa moyoni mwake wiki tatu bila ya wa kulijibu, wa kuulizwa ni mimi.

Sasa mama akinijia baada ya darsa na suala lake, simpi tena jawabu la neno moja. Namuuliza: "Anatazama nini, na anatazama na nani?" Wengi hawajui la kunijibu. Nawaambia wende nyumbani wakakae karibu naye kwanza, kisha waje tuzungumze.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye kufahamu kabla ya kuhukumu, na atuhifadhie watoto wetu katika vyumba tunavyoviona na tusivyoviona. Wallahu aalam.